Rangi Moja, Ukuta Mbichi

Ndugu wa Chama cha Yohane Mbatizaji mjini Firenze, Italia, hawakuwa watu wa mali. Wengi wao waliishi kwa kazi za mikono. Walikutana kusali na kufanya toba, na kila walipotoka kwa maandamano, aliyebeba msalaba mbele yao alitembea pekupeku. Hapo ndipo walipopata jina ambalo mji uliwaita, Scalzo, yaani asiye na viatu. Kikanisa chao kilikuwa katika Via Larga, barabara ambayo leo inaitwa Via Cavour, karibu na kanisa la San Marco, na mbele yake palikuwa na ua mdogo uliozungukwa na baraza. Mwanzoni mwa karne ya 16 waliamua kuta za ua huo zichorwe maisha ya msimamizi wao, kuanzia malaika anapomtokea Zakaria hekaluni hadi kichwa cha Yohane kinapoletwa mezani kwa Herode juu ya sinia. Jumla matukio 12, na pamoja nayo fadhila 4: Imani, Matumaini, Mapendo na Haki.

Walimpa kazi hiyo kijana mmoja, mwana wa mshona nguo, aliyezaliwa mwaka 1486. Ni Andrea del Sarto. Alianza mnamo mwaka 1509 akamaliza 1526. Ua wenyewe mtu anaweza kuuzunguka kwa dakika moja.

Mgeni akiingia humo, kwanza huona kilichokosekana. Hakuna buluu wala dhahabu, na mavazi ya Herode hayana wekundu wowote. Anga, miti, ngozi za watu, sinia na upanga, vyote vimetoka kwenye rangi moja, kijivu chenye udongo ndani yake, kinachopanda hadi karibu na weupe na kushuka hadi karibu na weusi. Sababu ya kwanza inayotajwa ni fedha, na ina uzito. Siku hizo mikataba ya wachoraji ilitaja dhahabu na buluu kwa masharti yake, maana buluu iliyo bora ilisagwa kutokana na jiwe lililosafirishwa kutoka milima ya Afghanistan na bei yake ilikuwa kali. Lakini udongo mwekundu, wa manjano na wa kijani ulipatikana kwa bei ndogo, na ndugu wangeweza kuununua kama wangetaka. Naamini walitaka kitu kingine. Yohane Mbatizaji ni msimamizi wa Firenze nzima, na mlango wa kusini wa nyumba ya ubatizo ya mji huo, uliosubiwa kwa shaba nyeusi na Andrea Pisano katika miaka ya 1330, una vibao 28: 20 vya maisha ya Yohane na 8 vya fadhila. Kila mtoto wa Firenze alikua akiupita mlango ule. Ndugu wa Scalzo, kwa dhana yangu, walitaka mlango wao wenyewe, kwa gharama wanayoimudu, na kwa sura inayowafaa watu wa toba.

Kazi ya fresko, yaani kuchora juu ya lipu mbichi, huanza kwenye tanuri. Mawe ya chokaa huchomwa hadi yawe meupe na mepesi, kisha humwagiwa maji. Huchemka yenyewe bila moto, hufoka mvuke, hupasuka na kugeuka uji. Uji huo haufai bado. Huwekwa shimoni, ukiwa umefunikwa maji, kwa miezi, na mafundi wenye nafasi huuacha kwa miaka, mpaka punje zote ziive na chokaa iwe laini kama samli. Asiyekuwa na subira hiyo huadhibiwa baadaye: punje moja iliyobaki ndani ya lipu huendelea kunywa maji, huvimba, na siku moja hurusha kipande cha ukuta, pengine pamoja na pua ya mtakatifu. Wanaoijua chokaa ya mwambao wetu, inayochomwa kutokana na matumbawe, wataielewa hatua hii bila kuelezwa.

Mchanga nao una masharti. Uwe safi, usiwe na chumvi wala udongo, uchekechwe. Cennino Cennini, aliyeandika kitabu cha mafunzo ya uchoraji karibu na mwaka 1400, anataka sehemu 2 za mchanga kwa 1 ya chokaa, na mchanganyiko upumzishwe mpaka moto wa chokaa utoke. Ukuta hukwanguliwa na kulowanishwa hadi ushibe, kwa sababu ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu na kuiua kabla haijashika. Lipu ya chini hupigwa na kuachwa na uso wa kukwaruza. Ile ya juu, nyembamba na laini, haipigwi mpaka asubuhi ya siku ya kuchora.

Wakati ukuta unasubiri, mchoraji yuko karatasini. Hapa Andrea alitumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na karatasi zilizosalia zinashuhudia. Alichora kwa jiwe laini jekundu au jeusi, akiwa na mtu hai mbele yake. Huchora mkono ulioshika fimbo. Kisha, pembeni mwa karatasi hiyo hiyo, mkono ule ule umegeuzwa kidogo. Huchora goti lililo chini ya nguo, halafu nguo peke yake, ili ajue mkunjo unaanzia kwenye mfupa gani. Mtu anaweza kupita mbele ya picha ya ukutani asiuone kabisa mkunjo huo, lakini ukiondolewa mwili mzima ungelegea.

Mchoro ukishatulia, hukuzwa hadi kufikia ukubwa wa picha yenyewe, ambayo ina kimo cha karibu mita 2. Karatasi kadhaa hugundishwa pamoja, na juu yake huchorwa ruwaza kamili kwa makaa. Kisha sindano hufuata kila mstari, ikitoboa vitundu vilivyokaribiana. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa, na mara nyingi hupewa mwanafunzi. Lakini nayo inataka akili. Vitundu vikiachana sana kwenye jicho au kwenye pindo la mdomo, kesho ukutani sura itakuwa ya mtu mwingine.

Basi tufuate siku moja ya kuchora. Jukwaa la mbao limesimama. Uzi umepigwa ukutani na timazi imeteremshwa, ili nguzo za jumba la Herode zisiiname. Mchoraji anaitazama ruwaza na kuamua ni sehemu gani ataimaliza leo. Huo ndio uamuzi mgumu kuliko yote, na hufanywa kabla ya brashi kuguswa. Lipu ikipigwa eneo kubwa mno, jioni itakuwa imeanza kukauka bila rangi, na itabidi ikwanguliwe yote. Ikipigwa kidogo, siku imepotea. Kichwa kimoja cha mzee chaweza kula siku nzima, ilhali anga tupu huendelea kwa hatua ndefu. Kazi hutoka juu kwenda chini, ili matone ya leo yasichafue kazi ya jana.

Lipu inapigwa, inasawazishwa kwa mwiko, inasuguliwa. Halafu inaachwa. Kwa muda huo mfupi kila mtu anaweza kudhani kazi imesimama, kumbe mchoraji anaigusagusa kwa kidole. Ikiwa bado teketeke, brashi itaikokota na kuchanganya chokaa na rangi kuwa tope. Kidole kikiacha alama bila kuondoka na chokaa, wakati umefika. Kipande cha ruwaza kinawekwa mahali pake, na kifuko cha kitambaa chenye vumbi la makaa kinapigwapigwa juu ya vitundu. Karatasi ikiondolewa, mstari wa nukta nyeusi umebaki ukutani. Wapo waliochagua njia ya pili, kuipitisha ncha ya chuma juu ya karatasi ili iache mfuo kwenye lipu laini.

Sasa rangi. Giorgio Vasari, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Andrea na baadaye akaandika maisha ya wachoraji wa Italia, anaeleza jinsi picha za rangi moja zilivyotengenezwa: udongo wa kufinyangia vyungu kama msingi, makaa yaliyosagwa au weusi mwingine kwa ajili ya vivuli, na weupe kwa ajili ya mwanga. Weupe wa fresko wenyewe ni chokaa. Cennini anauita weupe wa Mtakatifu Yohane, na anafundisha kuupata: chokaa iliyokwisha kuiva hulowekwa siku 8, maji yakibadilishwa kila siku, hufinyangwa vijikate vidogo na kuanikwa juani juu ya paa. Kadiri vijikate vinavyozeeka ndivyo vinavyozidi kuwa vyeupe. Kwa hiyo mwanga wote unaouona katika ua wa Scalzo, kwenye paji la uso la Yohane na kwenye maji ya mto Yordani, asili yake ni mawe yale yale ya tanuri.

Vinatengwa vyungu vitatu: cha giza, cha kati na cha mwanga. Brashi ngumu zilitengenezwa kwa nywele za nguruwe mweupe, na zile nyembamba kwa mkia wa kindi. Brashi ya kwanza inachovywa katika giza na kufuata mabonde ya nguo. Ya pili, yenye rangi ya kati, inakutana na giza na kuingiliana nalo kabla halijashika. Ya tatu inapanda migongo ya mikunjo. Mwishoni kabisa huja mguso wa weupe mtupu pale jua lilipogonga, na mguso wa weusi pale ambapo jua halifiki: ndani ya pua, chini ya ukucha, nyuma ya sikio. Hakuna gundi katika rangi hiyo, ni maji tu. Kinachoishikilia ni ukuta wenyewe. Chokaa inapokauka huvuta hewa ya kaboni iliyomo angani na kurudi kuwa jiwe, kama ilivyokuwa kabla ya tanuri, na chembe za rangi hunaswa ndani ya jiwe hilo. Ndiyo maana muda una mpaka. Kwa saa 6 hadi 8 hivi, kutegemea joto na unyevu, ukuta unakunywa. Mwanzoni unakunywa polepole, alasiri unakunywa kwa kiu, na hapo mguso wa brashi hukaa hasa unapotakiwa. Kisha unafunga. Rangi inayowekwa baada ya hapo inakaa juu kama vumbi.

Jioni kisu kinakata pembezoni mwa sehemu iliyochorwa, kwa mshazari, na lipu iliyobaki bila rangi inaondolewa. Kesho lipu mpya itaunganishwa na ukingo huo. Fundi hodari hupitisha ukingo kwenye mstari ambao macho tayari yanautarajia, kama vile pindo la joho, ukingo wa bega au nguzo. Anayejua pa kutazama, na mwanga ukiwa umelala kutoka upande, anaweza kuziona siku za kazi zimepangwa ukutani moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo ugumu wa rangi moja unapojitokeza. Mchoraji mwenye rangi nyingi ana maficho. Akimaliza joho jekundu Jumatatu na kuanza joho la kijani Jumanne, hakuna atakayeuliza kama giza la jana linalingana na la leo. Mwenye rangi moja hana nafasi hiyo. Fresko hung'aa na kuwa nyepesi inapokauka. Kijivu cha jana, ambacho sasa ni kikavu, kiko pembeni mwa kijivu cha leo kilicho maji na kinachoonekana kizito zaidi, na hivyo viwili lazima viwe kitu kimoja baada ya wiki kadhaa. Mtu hawezi kulinganisha kwa macho, kwa sababu macho yanamdanganya. Anapaswa kuchanganya rangi ya kutosha mapema, kuijaribu juu ya kipande cha udongo mkavu unaonyonya maji haraka ili aione itakavyokuwa, na kuiamini hata pale ukuta unapomwambia vinginevyo. Akikosea, hakuna kufuta. Ama anakwangua lipu ya siku nzima na kuanza upya, ama anasahihisha baadaye kwa rangi yenye gundi, ambayo miaka itaipukutisha.

Vasari alimsifu Andrea kwamba hakosei, kisha akamlaumu kwamba alikuwa na roho ya woga, kwamba angekuwa na ujasiri zaidi angewapita wote. Lawama hiyo imerudiwa sana. Mimi naona ujasiri unamsaidia kidogo mtu aliyesimama mbele ya lipu inayokauka. Kinachomsaidia ni kujua, tangu asubuhi, jambo la saa ya mwisho.

Tazama Mahubiri ya Yohane, ya mwaka 1515. Yohane amesimama juu kidogo ya watu, na umati umekaa na kusimama kumzunguka bila msongamano, kila mmoja akisikiliza kwa namna yake. Mtu mmoja aliyesimama pembeni kwa joho refu, pamoja na mwanamke aliyeketi na mtoto, wametoka kwenye picha za chapa za Albrecht Dürer, Mjerumani ambaye kazi zake zilikuwa zikizunguka katika karakana za Italia. Watu wa wakati ule waliligundua jambo hilo na wapo waliolinung'unikia. Lakini aliyechukua umbo la mistari kutoka kwenye karatasi ndogo akalipa uzito wa mwili wenye kimo cha mtu, ukutani, kwa udongo na chokaa, ameshalifanya kuwa lake.

Au tazama Kukatwa Kichwa, ya 1523. Mnyongaji ametupa mgongo. Uso wake hauonekani, na maelezo yote yamo katika misuli ya bega na shavu la mguu. Kivuli kinashuka kwenye uti wa mgongo kwa mpito usioweza kuoneshwa mahali ulipoanzia. Mpito huo ulifanywa kwa brashi yenye maji, juu ya ukuta uliokuwa ukinywa, na ulifanywa mara moja.

Miaka 17 haikuwa ya mfululizo. Andrea alikuwa na kazi nyingine: michoro ya ua wa kanisa la Santissima Annunziata, picha za altare, familia, karakana. Ndugu walilipa kidogo, tena walipoweza, naye alikwenda na kurudi. Mwaka 1518 mfalme Francis I alimwita Ufaransa. Ndugu hawakujua kama atarudi, wakampa kazi rafiki yake Franciabigio, aliyewahi kushirikiana naye karakana, akachora matukio mawili ya utoto wa Yohane. Andrea alirudi mwaka 1519. Alipoingia tena uani alikuta sehemu mbili zimejazwa, na nyingine tupu zikimngoja. Aliendelea. Ngoma ya Salome, Kukatwa Kichwa, Karamu ya Herode, Imani, Matumaini, Zakaria na malaika, Kukutana kwa Maria na Elisabeti: yote hayo aliyachora katika miaka michache tu baada ya 1521, ingawa tauni ya 1523 ilimkimbiza kwa muda hadi vijijini Mugello. Alikufa mwaka 1530, baada ya mji kuzingirwa na jeshi na tauni kurudi tena. Chama chenyewe kilivunjwa mwaka 1785 kwa amri ya mtawala Pietro Leopoldo, na ua umebaki.

Kuna sehemu ya ua ambayo ningependa kila mpenda ufundi apewe nafasi ya kusimama mbele yake, kwa sababu hadithi ya Yohane na kalenda ya mchoraji zinakwenda kinyume pale. Kwa mpangilio wa hadithi, Kuzaliwa kwa Yohane kunafuatwa na matukio mawili ya utoto wake, kisha Ubatizo wa Kristo. Kwa mpangilio wa kazi, Ubatizo ni wa kwanza kabisa, na Kuzaliwa ni wa mwisho, wa 1526. Katika Ubatizo, kijana Andrea anaijua kazi, lakini ameshikilia kila alichofundishwa. Miili imesimama mahali pake kwa uangalifu, kila mmoja peke yake, na hewa kati yao haina kazi. Katika Kuzaliwa, Zakaria ameweka karatasi juu ya goti, anaandika jina la mtoto, mkono mmoja ukiishika karatasi isiteleze. Bibi kizee mmoja ameketi kwenye kigoda, anacheka kwamba kizee mwenzake amejifungua. Kivuli cha chumba kimewafunga watu wote pamoja, na haiwezekani kumwondoa hata mmoja bila wengine kuyumba. Vyungu ni vile vile vitatu. Katikati ya hizo mbili ziko picha za Franciabigio, safi, zilizopangwa vizuri, kazi ya mchoraji ambaye kanisa lolote la Firenze lingefurahi kumpa ukuta. Kosa lake ni mahali alipopewa.